Jini wa Chetezo na Wachumba wa Bi Lulua

Enyi mliokaa, kaeni vizuri, na aliyesimama atafute pa kukaa, kwa kuwa nitakayoyasema ni marefu na mimi sipendi kukatizwa. Katika mji wa Zumrani, enzi ya Sultani Sulubani bin Harithi, mwenye majumba ya mawe meupe na farasi wa Arabuni na hazina ambayo walinzi wake wenyewe hawakujua mwisho wake, palikuwa na mapenzi makubwa kuliko yote yaliyopata kuwako ulimwenguni, nayo yalikuwa mapenzi baina ya Bi Lulua binti Sultani na mimi. Watu wa Zumrani wanasema niliua watu. Hayo nayo nitayafikia, lakini kwanza mapenzi.

Mimi ni Dahmani bin Samumi, jini wa ukoo mzuri. Mchawi mmoja wa zamani, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hastahili, alinifunga ndani ya chetezo cha fedha, na akaniapiza nimtumikie kila atakayetia makaa humo na kufukiza udi juu yake, na moshi wa udi ukipanda ndipo niwezapo kutoka nao nikaenda nitakako. Chetezo kikapita mikono ya wafalme na wezi na warithi wao, hata kikafika kwa Sultani Sulubani, naye akampa Bi Lulua siku alipokuwa mwari wa kuposwa.

Mwajua desturi ya wanawake wa huku kwetu. Jua likianza kupoa Bi Lulua hupuliza makaa mpaka yawe mekundu, na hutia udi alioupika mwenyewe kwa sukari na maji ya mawaridi, na hutandika nguo zake juu ya tenga moshi uzipitie, kisha hufungua nywele na kuinama juu ya chetezo, akafumba macho. Sasa niambieni, ninyi wenye akili. Binadamu akiwa na shida kwa jini humfukizia udi na kutaja shida yake. Huyu alinifukizia kila siku ya Mungu, na hakutaja shida hata moja. Mtu asiyetaka kitu kutoka kwako anakutaka wewe mwenyewe, na mtoto mdogo angelielewa hilo. Mimi nikamjibu kimoyomoyo, nikasema, Nimekubali.

Wivu sina, na anayesema ninao ananisingizia. Kioo chake kilipasuka kwa kuwa kilimtazama mno. Kisha palikuwa na kasuku wa kijivu, aliyeletwa kutoka bara, ajuaye kusema kwa lugha za watu na kusalimia wageni kwa majina yao, na asubuhi moja kasuku huyo akamwambia, "Lulua, roho yangu," na mdomo wake umejaa karanga. Maneno hayo mimi nilikuwa nikiyatayarisha miaka miwili nipate kuyasema kwa heshima yake. Nikamsokota shingo. Bi Lulua alilia kutwa, na jioni akafukiza udi mwingi kuliko kawaida, nami nikajua amenisamehe.

Basi wachumba wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Ghadhanfari, mwana wa Sultani jirani, na ngamia wake walijaa uwanja mzima, na kwenye karamu alisifu mikono ya Bi Lulua mbele za watu wazima, naye hajaiona. Nikageuka mfupa ndani ya pilau yake. Angalitafuna taratibu kama watu waliolelewa angaliniona, kwa hiyo mimi nasema aliuawa na papara. Wa pili alikuwa Amiri Kahtani, shujaa wa vita, mnene, mwenye panga pande zote mbili za kiuno, naye nilimngoja juu ya ngazi za mawe nikiwa moshi mzito, akaukanyaga akidhani ni zulia. Wa tatu, Nahodha Barhamu tajiri, alikufa mwenyewe kwa furaha alipoambiwa amekubaliwa. Huyo sikumgusa kabisa, lakini mji ukanibandikia na yeye, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mwanamume mmoja tu niliyempenda katika Zumrani yote alikuwa Muhsini, muuza udi. Alikuja mlango wa uani na kikapu chake, na Bi Lulua alishuka mwenyewe kuchagua, ijapokuwa wajakazi walikuwapo, na wakikaa hapo walikaa sana, kwa sababu udi hauchaguliwi kwa haraka.

"Huu wa leo, Bi, nimeuweka mbali na wengine," Muhsini alimwambia siku moja. "Nilipokuwa nikiupasua nilikuwa nikikufikiria."

"Na jana ulipasua nini?" akauliza Bi Lulua.

"Jana sikupasua kitu. Nilikufikiria tu."

Bi Lulua akacheka, akajifunika uso kwa ukaya wake. Nami ndani ya chetezo machozi yalinitoka, nikasema, tazama kijana mwema huyu, anajua udi huu ni zawadi ya bibi yake kwangu, na anaufanya kazi kwa moyo. Nikaazimia siku ya harusi yetu nimpe kanzu ya hariri.

Lakini baada ya maziko ya Nahodha Barhamu hakuna mwana wa mfalme aliyetia mguu tena Zumrani, na Sultani alikaa barazani ameshika tama. Ndipo Muhsini akaingia na kikapu chake, akapiga magoti, akasema, "Ewe Sultani mtukufu, Mola akuzidishie umri na hadhi. Mimi ni mtumwa wako muuza udi, sina ngamia wala panga, na nimekuja kumposa Bi Lulua. Nikifa, nitakuwa nimekufa nikimtaka, na nikiishi nitaishi hivyo hivyo."

Sultani akamtazama sana, akasema, "Ewe kijana, wamekufa mabwana zako kwa ajili ya mlango huu. Nikikukatalia watu watasema nina kiburi, na nikikukubalia watasema nimekuua. Nimechoka na yote mawili. Nimekupa. Ijumaa baada ya swala, kama bado una pumzi, utaozwa."

Niseme nini? Nilisikia yote kwa kuwa kuta si kitu kwangu. Moto wangu uliruka mpaka fedha ya chetezo ikawa nyekundu na zulia likaungua chini yake. Kumbe yule aliyeniletea udi alikuwa akiuleta kwa faida yake, na mimi nimemwombea dua! Nikakusudia kumtia kaa la moto kooni Ijumaa hiyo hiyo, wakati anafungua kinywa kuitikia ndoa, watu wote wamtazame anavyotoa moshi.

Lakini Bi Lulua alikuwa na pua. Maiti ya Amiri Kahtani ilipopitishwa chini ya dirisha lake, alisikia kwenye shuka alizofunikwa harufu ya udi wake mwenyewe, ambao hakuna mtu mwingine anayeupika vile, na tangu saa hiyo akawa anakitazama chetezo kwa jicho jingine. Alipoposwa na Muhsini akamwita dada yake mkubwa, Bi Jokha, aliyekuwa amerudi kwao kujifungua na mwanawe bado yu kifuani, wakajifungia chumbani wakati wa alasiri. Bi Lulua akatia udi, akasema, "Ewe uliyemo humu, toka tuonane."

Nikatoka, nikiwa nimechana ndevu, nikamtajia jina langu na la baba yangu. Bi Jokha akapiga kelele na mtoto akalia, lakini Bi Lulua alisimama palepale, na mikono yake ikitetemeka. Naijua mitetemeko ya namna hiyo. Ni mapenzi.

"Ni wewe uliyewaua?" akaniuliza.

"Kwa ajili yako, roho yangu. Ila yule Nahodha alikufa mwenyewe."

"Na kasuku wangu?"

"Alikuwa akikuzoea."

Akasema, "Na Muhsini je?"

"Huyo nimemwekea Ijumaa," nikasema, "ili usipate usumbufu wa kuandaa matanga kabla ya siku."

Nikaona uso wake umebadilika rangi, nikajua ni haya ya mwari. Akajikaza, akasema kwa adabu ya binti wa kifalme, "Ewe Dahmani, umenipenda na mimi sikujua. Lakini mtu haolewi hivi hivi kama mbuzi. Kwanza huulizwa ukoo na desturi. Nieleze, huko kwenu majini nani humwoa nani, na nani haramu kwa nani?"

Enyi watu! Ni mwanamke gani huuliza desturi za ukoo ambao hataki kuingia? Nikakaa kitako, nikamweleza yote kwa furaha. Nikamwambia kwamba kwetu kama kwenu mama haolewi, wala dada, wala shangazi, wala mama mdogo. "Na kunyonya pia," nikamwambia, "ila kwenu ziwa ni habari ya mtoto mchanga, na kwetu halina umri. Hata jini mwenye ndevu kama hizi, akinywa maziwa ya mwanamke, amekuwa mwanawe papo hapo, na jamaa wote wa mwanamke huyo ni jamaa zake. Atawaheshimu, atawatii, atawalinda wao na waume zao na wake zao, na akimdhuru mmoja wao moto wake unazimika na yeye hayupo tena."

"Desturi nzuri," akasema Bi Lulua, na akamtazama dada yake.

"Nzuri sana," akasema Bi Jokha.

Alhamisi wakaniita. Chumba kilikuwa kimetandikwa busati jipya na kumwagiwa asumini, na Bi Lulua amevaa hariri ya kijani na amepaka hina. Moyo ulinienda mbio. Akasema, "Mchumba hapokelewi mikono mitupu," na Bi Jokha akanipa kikombe cha dhahabu chenye maziwa ya uvuguvugu, yametiwa hiliki na zafarani na asali. Kikombe chenyewe kilikuwa kidogo, nikadhani ni uungwana. Nikanywa mpaka tone la mwisho, nikajilamba masharubu.

"Matamu haya!" nikasema. "Ni ya ng'ombe gani?"

"Ya kwangu, mwanangu," akasema Bi Jokha.

Nilitaka kunguruma. Nilitaka kuipasua dari na kuuteketeza mji wa Zumrani na kila kasuku aliyemo. Badala yake nikahisi kitu kimekaa kifuani mwangu, kizito na cha joto, na magoti yangu yakainama yenyewe, na mimi Dahmani bin Samumi, mwenye umri wa miaka mia nne, nikamgeukia yule niliyempenda, na kinywa changu kikasema, "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Lulua, kisha akakaa chini ghafula akalia, na dada yake akamshika.

Ijumaa wakaozwa. Nilikuwapo, nimesimama nyuma ya nguzo na kaa langu mkononi. Muhsini alipofungua kinywa kuitikia nikamkaribia kabisa, nikaliinua lile kaa, na kaa likanizimikia mkononi. Akageuka akaniona, akarudi nyuma kwa hofu, maana alikwisha kuelezwa. Watu wote wa ukoo walikuwa wakinitazama. Nikainama, nikamwambia, "Shikamoo, baba mdogo."

Kijana wa juzi juzi huyo, muuza udi! Naye akaniitikia.

Basi utajiri wao ndio huo mnaousikia, kwa kuwa mtoto hutumwa, nami nilitumwa lulu za kina cha bahari nikaleta, na dhahabu ya milima isiyo na njia, na bustani nzima ya matunda ya Shamu, na miti imesimama na ndege juu yake. Sultani alipofariki Muhsini akashika enzi, na mji ukamsifu kwa busara, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani huwabeba mawaziri wake usingizini na kuwatupa mbali kila wanapopanga kumtilia sumu. Nimemkinga na mishale. Nimemtoa mtoni farasi wake alipozama. Kila nilipomwokoa nilikaa juu ya paa la jumba nikalia kwa wivu mpaka vigae vikapasuka, kisha nikashuka kumwokoa tena.

Mwaka wa homa kubwa akaugua sana, na waganga wakakata tamaa. Wala sikuwa nimemgusa, na Mungu shahidi wangu. Nikamtazama Bi Lulua ameshika mguu wa mumewe, macho yamemvimba, na hapo hapo nikajua kwamba nikimwacha afe, si mimi nitakayekuwa nimemwua, wala moto wangu hautazimika. Tungebaki sisi wawili. Nililifikiri jambo hilo kwa muda mrefu. Bi Lulua hakugeuka kunitazama, lakini akasema kwa sauti ndogo, "Dahmani, mwanangu, usimwache."

Nikaenda mpaka kilele cha mlima Kafu nikaleta barafu, nikaenda tena nikaleta majani ambayo hata majini huyaogopa, nikaketi kitandani nikampepea na kumkanda na kumnywesha kwa kijiko kidogo, siku baada ya siku, mtu ninayemchukia kuliko wote walio hai. Mwishowe akafungua macho. Akaniona nimemwinamia na majasho yananitoka, akanishika mkono.

"Dahmani," akasema, "kumbe unanipenda sana, mwanangu."

Bi Lulua alikuwa akinitazama.

"Ndiyo, baba mdogo," nikasema.

Na funzo la hekaya hii, enyi mliokaa, ni kwamba mwanamke akikupenda kweli hutafuta njia ya kukufunga kwake maisha. Mchumba hukataliwa, na mume huachwa kwa neno moja, na mimi nimewekwa mahali ambapo siwezi kuachwa kabisa. Wapo wanaosema nilidanganywa. Majina yao nayajua, na wote si jamaa zangu.