Gari la Mzee Mbonea

Rangi hushika palipokwanguliwa. Wajukuu zangu, mmeusikia msemo huu kwa seremala asubuhi ya leo, mkacheka, kisha mkaniuliza ni nani aliyeutamka kwanza. Nilimfahamu. Alikuwa jirani yangu hapa Same, na mwanzo wa msemo wake ni huu.

Mzee Mbonea alikuwa na gari dogo la zamani, na karibu maharusi wote wa mtaa wetu walikwenda kanisani ndani yake. Kila Jumamosi jioni alilipaka mafuta ya mgando kwa ndani, dashibodi na milango, kama mama anavyompaka mtoto wa kwenda ibada, mpaka ling'ae. Kwake, kitu king'aacho ndicho kilichotunzwa. Lakini jua la Same halina huruma. Chini ya mng'ao ule rangi ilichakaa, ikaanza kutoa unga mweusi. Bibi harusi mmoja aliegemea mlango, akashuka kanisani mkono wa gauni umechafuka.

Basi Namkunda, binti yake, alipochumbiwa, Mzee Kiangi, mshenga wa upande wa bwana harusi, alileta ujumbe wa adabu lakini mzito: wangekuja na gari lao. Mzee Mbonea aliinama. Alikuwa amewabeba mabinti wa watu, na sasa wa kwake angebebwa na mgeni. Akaomba jambo moja tu, kwamba waje kulikagua gari asubuhi ya harusi. Likiwa bado linachafua nguo, hatasema neno.

Namkunda mwenyewe alikuwa fundi wa rangi za magari katika gereji ya karibu na stendi. Akaanza kazi kwa maji ya moto, sabuni na msasa. Baba yake aliposikia mkwaruzo alitoka nje mbio. Alisema gari si sufuria lenye ukoko, na kwamba mng'ao alioutafuta kwa miaka hauwezi kuondolewa kwa karatasi ya mchanga. Namkunda hakubishana na mzazi. Aliweka msasa chini, akaenda kwa shangazi yake kufundwa.

Huku nyuma mzee akachukua brashi, akapaka rangi nyeusi juu ya mafuta yake. Gari likapendeza ajabu. Alipiga magoti palepale uani, akamshukuru Mungu.

Keshoye aliingia, akafunga mlango kwa kiwiko. Rangi ikabanduka yote kama ganda la kiazi kilichochemshwa, ikaning'inia kwenye shati lake. Mkewe, Nakijwa, alipoona hali ile alisema, "Baba Namkunda, hili hukulipaka. Umelikaanga."

Mzee hakucheka. Namkunda aliporudi alimkuta ameketi ndani ya gari, vipande vya rangi mapajani.

"Mwanangu, rangi hii ni mbovu?"

"Ni nzuri, baba. Imekosa pa kushika."

"Nililipaka mafuta kwa upendo."

"Najua, baba. Na upendo wako haujatoka. Yanayotoka ni mafuta."

Nadhani mzee aliomba, kwa maana midomo ilikuwa ikicheza. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe huo msasa. Nimepaka mwenyewe, nitakwangua mwenyewe."

Wakaosha, wakakwangua, baba upande huu na binti upande ule. Gari likawa baya kuliko lilivyowahi kuwa, limeparara, halina uso. Wapita njia walimtania mzee kwamba gari lake limepata upele. Alizidi kusugua. Ndipo Namkunda akapaka rangi, tabaka jembamba, akaliacha likauke, akarudia, akarudia tena. Haikung'aa. Ilitulia tu, nyeusi, kama ya kuzaliwa nayo.

Asubuhi ya harusi Mzee Kiangi alifika na wenzake. Akatoa leso nyeupe, akaifuta dashibodi, akafuta milango, akasugua kwa nguvu zote pale kiwiko kinapokaa. Akaikunjua leso mbele ya watu. Ilikuwa nyeupe.

"Mkwe, umelipeleka kwa nani?" akauliza.

Mzee Mbonea alimshika binti yake bega. "Sikulipeleka kokote. Fundi ndiye huyu mnayemchukua. Mimi nililipaka miaka yote na halikushika kitu. Yeye alilikwangua kwanza."

Mzee Kiangi akairudisha leso mfukoni na kuwaambia wenzake gari lao lifuate nyuma.

Namkunda akaingia na gauni lake jeupe, akaegemea mlango kwa raha, mkono wote. Baba yake akakaa kwenye usukani. Kabla ya kuwasha gari aligeuka, akamtazama, akasema polepole, na sisi tuliosimama dirishani tukamsikia:

"Mama, huko uendako usiogope siku utakapokwanguliwa. Rangi hushika palipokwanguliwa."