Nadhiri ya Makame Mkandaji

Wasikilizaji wangu, wekeni akilini watu watatu. Bi Mkasi alijaliwa masikio: alimsikiliza mwenziwe mpaka mwisho wa maneno, hata maneno yenyewe yakiwa hayana maana. Faki alijaliwa mikono isiyojua kuchoka; gunia la unga alilibeba kama mtu abebavyo mkeka wake wa kusalia. Mwanakheri alijaliwa moyo usiokimbia. Katikati yao alikuwepo Makame, mdogo wake Bi Mkasi, mwenziwe Faki kazini, na mumewe Mwanakheri. Yeye simtajii kipaji. Yeye alikuwa na msiba, na msiba wake ulikuwa usingizi.

Makame alikuwa mkandaji katika tanuri la mikate. Kwa miaka tisa alitoka nyumbani baada ya sala ya isha akarudi jua limekwisha kuchomoza. Mwenyezi Mungu aliugawa wakati kwa hekima, usiku wa kujifunika na mchana wa kutafuta. Lakini watu wa mji walitaka mkate moto asubuhi, na ilibidi wawepo wa kuukeshea. Kazi hiyo ilikuwa na neno lake. Unga uliokandwa ulifunikwa nguo, wakandaji wakajinyoosha chini, na msimamizi alipofunua akaona donge limevimba, aliita, “Umeumuka!” Hapo wote waliruka wakaupiga unga kwa ngumi mpaka pumzi zake zitoke, kisha wakaugawa.

Nyumbani alilala mchana, na uungwana wa mtaa ndio uliomwangamiza. Kila jirani aliyepita barazani alimsalimu Mwanakheri, “Mmeamkaje?” kama ilivyo adabu, na kila salamu iliyopenya katika usingizi wa Makame iligeuka kuwa neno la tanurini. Aliruka, akakuta ukuta, akalala, akaruka tena. Hakumweleza mtu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kinachomrusha. Mwaka wa nane alianza kulia bila ya sababu. Mwaka wa tisa alimtuhumu Faki kwamba anamsengenya kwa paka wa tanurini, na akaapa kuwa ameuona ukuta unapumua. Majirani walisema ana pepo, wakaanza kutafuta siku ya kumpungia.

Ndipo ikatokea adhuhuri moja. Mwanakheri, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amejinyoosha kando ya mumewe. Nje mtu alisalimu kwa sauti. Makame akainuka, macho wazi lakini mwenyewe hayumo, akaliona tumbo la mkewe limevimba chini ya kanga, akakunja ngumi. Alipiga mara moja. Pigo la pili lilimkuta Mwanakheri amekwisha kujikunja na kumpa mgongo. Ukelele wake ndio uliomwamsha.

Mkunga alikuja, akalipapasa tumbo kwa muda mrefu, akasema mtoto angali anacheza lakini hawezi kuahidi kitu. Mwanakheri alipelekwa kwa mamaye. Makame naye alikwenda kwenye kisima kikuukuu nyuma ya tanuri, akakaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani. Alasiri ile dada yake na rafiki yake walimkuta hapo, na Mwanakheri akaja nyuma yao, akitembea taratibu, mkono tumboni.

“Mdogo wangu,” alisema Bi Mkasi, “toa miguu yako humo.”

“Mimi si wa kulala na watu tena, dada.”

“Ukiingia humo,” alisema Faki, “kesho unga tutaukandia maji gani?”

Makame akacheka, kicheko kikamgeukia kilio, na katika kilio hicho akaweka nadhiri mbele yao na mbele ya Mola wake: mtoto huyu akizaliwa hai, atakayempa jina ni yule atakayemrudishia babaye usingizi. Kisha akautoa mguu mmoja, akautoa wa pili.

Bi Mkasi alikaa kando ya kitanda cha mdogo wake siku tatu, akiyasikiliza manung'uniko ambayo wengine waliyaita lugha ya pepo. Siku ya tatu jirani alisalimu nje, ndani Makame akaruka akitamka neno la tanurini, na Bi Mkasi akaelewa kuwa salamu ndiyo inayomrusha. Alimpeleka kwa daktari, aliyesema kuwa akili iliyonyimwa usingizi huvunjika kama mwili ulionyimwa chakula, na kwamba mtu huyu alale usiku, tena kwa miezi. Bi Mkasi akawarudisha wapunga pepo mlangoni na ngoma zao. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wabadilishe salamu yao, na wapo waliomwambia kwamba sasa na yeye pepo kampata.

Lakini msimamizi alikuwa amesema kuwa asiyekuja hana nafasi, na bila nafasi ile nyumba ya Makame isingekula. Faki akakanda sehemu yake na ya mwenziwe. Aliingia alasiri, akatoka mchana wa siku ya pili, siku arobaini, mpaka Makame akapewa kazi ya mchana ya kupakia mikate. Sasa Faki alikuwa akiitika alipokuwa hajaitwa na mtu.

Na hata alipopata usiku na kimya, Makame hakukubali kulala. Aliiogopa mikono yake. Alikaa ukutani ameikalia. Ndipo Mwanakheri aliporudi kutoka kwa mamaye, alama ya pigo ikingali mwilini, akaufunga mkono wa mumewe na wake kwa kanga, akalala akamwegemezea mgongo kifuani. “Ukiinuka nitainuka nawe,” alimwambia. “Lala.” Alilala mpaka adhana ya alfajiri.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, msichana mdogo mwenye pumzi fupi, lakini hai. Siku ya saba alinyolewa nywele, na shehe akauliza jina. Bi Mkasi alitaka Siti, jina la mama yao. Mwanakheri alitaka Salama. Faki, ambaye hakuwa na mke wala mtoto, aliomba Mize, jina la marehemu mamaye, kwa kuwa siku hizi, alisema, sura yake inampotea.

“Bila ya masikio yangu,” alisema Bi Mkasi, “mpaka leo ungekuwa unapungiwa pepo usiye naye.”

“Wifi, mwanangu mnamgawa kama donge,” alisema Mwanakheri. “Nani aliyelala kando ya mikono ile?”

Faki hakujitetea. Alikuwa amegeukia pembeni, akimwambia kwa upole mtu ambaye hakuna mwingine aliyemwona kwamba anakuja, asubiri kidogo.

Shehe alisema nadhiri haigawanyiki, na isiyotimizwa humlemea mwenyewe. Makame akampakata bintiye, akaweka mdomo sikioni pake. Alijua kuwa wawili atakaowanyima watarudi nyumbani na haki yao mkononi, na kuwa mmoja wa watatu hao ameanza njia ambayo yeye ametoka.

Nanyi mlionisikiliza, mwambieni Makame, maana mtoto hawezi kukaa bila ya jina: aitwe Siti, aitwe Salama, au aitwe Mize?