Nyamizi Hakupiga Kelele

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Wenye watoto wapakateni, wenye simu zifunikeni. Kabla sijaingia kwenye somo la leo nataka niwapeleke ziwani, na nawaambia mapema kwamba habari hii nimeitunga mwenyewe, lakini imenikosesha usingizi.

Palikuwa na baba mmoja, mtu wa Mwanza. Tumwite Baba Nyamizi, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni mtu kama ninyi mlioketi hapa: ana kazi yake, ana nafasi yake kanisani, sadaka hakosi. Mke wake alipigwa na kiharusi akalala kitandani muda mrefu, mpaka majirani wakaanza kuulizia hali yake kwa kunong'ona. Kisha Mungu akatenda. Mama akaanza kushika kijiko, akakaa, akasimama, akatembea kwa fimbo, na mwisho fimbo yenyewe akaiacha nyuma ya mlango. Baba akasema hili haliwezi kupita hivihivi. Akaita wazee wa kanisa wakafanya ibada ya shukrani sebuleni. Akampelekea daktari mbuzi. Kisha akawaambia wanawe, "Jumamosi tunakwenda ziwani, familia nzima. Siku hiyo hakuna kupika wala kufua. Tunapanda boti."

Jumamosi ikafika. Wakashuka ufukweni kwenye hoteli moja wakiwa na ndoo ya kuku wa kukaanga, sambusa, chapati na chupa mbili kubwa za chai. Mlimsikia baba aliposema hakuna kupika? Sasa ninyi niambieni, hao kuku walijikaanga wenyewe? Nyamizi alikuwa ameamka jogoo hajawika. Na hakuna aliyemtuma. Nyamizi alikuwa hatumwi. Yeye alikuwa anajua tu.

Pale ufukweni palikuwa pamechangamka. Vijana walikuwa wakirusha maji kwa zile pikipiki za majini, watoto wakiserereka kwenye mpira mkubwa uliojazwa upepo, muziki ukipigwa taratibu. Mama akawekewa kiti kivulini, kanga mabegani, akitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa umepona vizuri zaidi. Baba akamtazama mkewe. Akajiambia, nimevuka. Nyumba yangu imevuka.

Watoto wadogo walikuwa wameshaona walichokitaka. Lilikuwa boya refu la njano, lenye umbo la ndizi, linavutwa na boti kwa kamba huku watu wamelipanda kama punda. Kulwa na Doto, mapacha wa kiume walioko sekondari, wakamshika baba mkono huu na huu. Limi, kitindamimba, akamng'ang'ania suruali. Baba akacheka, akaenda kuzungumza na nahodha, mwanamume wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi.

Nahodha akatoa majaketi ya kuelea. Moja kifungo chake kilikuwa kimekatika. Akaliweka pembeni, akasema, "Hili halifai. Nisubirini niende stoo nilete jingine."

Mapacha wakaanza kunung'unika. Foleni nyuma yao ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wameanza kusema kama hampandi, pisheni. Nyamizi akainama akaliokota lile jaketi bovu.

"Nitavaa mimi," akasema. "Nitalishikilia kwa mkono."

Nahodha akamgeukia baba. "Mzee, mimi ningesubiri."

Na baba akajibu, tena kwa fahari, "Huyu hana shida, nahodha. Huyu ndiye mkubwa wao."

Wakapanda. Mapacha mbele, Limi katikati, Nyamizi nyuma kabisa ili amshike mdogo wake asidondoke. Baba akaketi ndani ya boti, amelielekea boya, kwa sababu nahodha alimwambia, "Mimi naangalia mbele, wewe angalia nyuma. Mtu akianguka, nigonge begani." Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Kuangalia.

Injini ikanguruma. Boya likaruka juu ya mawimbi, watoto wakapiga vigelegele, na kule ufukweni mama akainua kanga yake akaipunga. Wakazunguka mara ya kwanza. Walipokuwa wanazunguka mara ya pili, wimbi la boti nyingine likalipiga boya ubavuni, likabinuka, wote wakamwagika majini kama maharage.

Baba akamgonga nahodha begani. Boti ikapunguza mwendo, ikageuka.

Sasa nisikilizeni hapa. Kulwa alikuwa akipiga kelele, "Baba, baba, huku!" Doto alikuwa akipiga kelele kumshinda Kulwa. Limi alikuwa akilia kwa sauti iliyofika mpaka hotelini. Na mbele zaidi, upande wa kushoto, alikuwepo Nyamizi. Baba alimwona. Sisemi hakumwona, ndugu zangu. Alimwona vizuri kabisa, jua lilikuwa linamwakia usoni. Kichwa ameegemeza nyuma, mdomo uko usawa wa maji, nywele zimemfunika macho, mikono yote miwili inabonyeza maji taratibu huku na huku. Hakuita. Hakupunga. Baba akaona mtu aliyetulia, anayejielea zake, anayesubiri zamu yake kama kawaida yake. Akamwinulia kidole gumba. Kisha akamwambia nahodha, "Twende kwa wale wanaolia kwanza."

Wakamvuta Limi, wakamvuta Doto, wakamvuta Kulwa. Baba akamfunika Limi taulo, akamsugua mgongo, akambembeleza. Doto akaanza kucheka, na Kulwa naye, kile kicheko cha mtu aliyeogopa kidogo. Baba akacheka nao. Boti nzima ikawa inacheka, isipokuwa nahodha. Nahodha alikuwa amesimama, ameweka mkono juu ya macho, anatazama maji.

"Mzee," akasema. "Yule dada yuko wapi?"

Baba akageuka na kicheko chake bado kiko mdomoni. Akaona jaketi. Lilikuwa linaelea peke yake, limefunguka, halina mtu.

Nahodha hakusubiri. Alijitupa majini na nguo zake. Baba akabaki amesimama, ameshika ncha ya taulo la Limi. Alitaka kuita jina la mwanawe, lakini ulimi haukusogea. Ziwa lilikuwa bluu, zuri, limetulia, kama vile halijachukua kitu. Kule ufukweni mama alikuwa bado anapunga kanga yake, anafurahi.

Nahodha akaibuka mikono mitupu. Akavuta pumzi, akazama tena. Mara hiyo alikaa chini mpaka Doto akaanza kulia kimyakimya. Kisha maji yakapasuka, na nahodha akatoka amemkumbatia Nyamizi kwapani, kichwa chake kimelegea.

Wakampandisha. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Nahodha akamlaza chali, akampulizia pumzi, akamkandamiza kifua, akampulizia tena. Baba alipiga magoti pembeni akiwa hajui afanye nini na mikono yake. Kisha Nyamizi akakohoa. Akatapika maji, akakohoa tena, akafungua macho, akamwona baba yake. Na hamtaamini kitu cha kwanza alichosema yule binti. Alisema, "Limi yuko wapi?"

Wakampeleka hospitali. Daktari akasema ataishi, ila alale pale wamwangalie mapafu. Mama akarudishwa nyumbani na wadogo, kwa sababu alikuwa anatetemeka na waliogopa ugonjwa usije ukarudi. Jioni ile baba akabaki peke yake na binti yake, yeye kwenye stuli, binti kitandani na mpira wa hewa puani.

Akamvutia shuka mpaka mabegani, akalinyoosha. Mwisho akamuuliza, "Kwa nini hukuniita, mwanangu?"

"Nilikuita, baba. Sauti haikutoka. Kila nikifungua mdomo, maji yanaingia." Akapumzika kidogo. "Halafu ulinionyesha dole. Nikajua umeniona."

Baba akafunika uso. "Nilidhani umetulia."

"Najua."

Hapo, ndugu zangu, baba alidhani amefika mwisho wa maumivu. Alidhani hakuna neno lingine linaloweza kumpiga kuliko hilo. Lakini Nyamizi alikuwa hajamaliza.

"Baba, nikikwambia kitu hutamwambia mama?"

"Sema."

"Boti ilipogeuka ikaenda kwa wengine, sikukasirika. Nilijaribu kidogo tena. Halafu nikaacha kupiga miguu." Alikuwa anatazama dari. Hakuwa analia. "Nikasema moyoni, basi, leo nimepumzika. Na baba, nilifurahi."

Baba alisikia stuli kama imeondolewa chini yake. Binti yake. Yule ambaye hana shida. Yule aliyekuwa akimtolea mfano kwa wenzake kazini. Huyo ndiye aliyekuwa chini ya maji anafurahi kwamba anakufa.

Akafungua mdomo, na neno lililokuja lilikuwa lile alilozoea kumwambia kila alipomkuta anafua mashuka ya mama yake: Mungu atakulipa, mwanangu. Lilifika mpaka kwenye meno. Akaona haya kulisema.

"Umechoka na nini?" akauliza.

Nyamizi akamgeukia, akamtazama kama mtu anayetaka kujua kama swali ni la kweli. Kisha akaanza kusema. Akasema habari za usiku alioamka kumgeuza mama asipate vidonda. Akasema habari za chuo alichokiacha "kwa muda kidogo," mpaka wenzake wakahitimu na yeye akaona picha zao kwenye simu huku ameshika beseni. Kuna mchumba aliyesubiri, akachoka kusubiri. Siku ile ya ibada ya shukrani sebuleni, wazee walipomshukuru Mungu, wakamshukuru daktari, wakamshukuru baba kwa uvumilivu wake, yeye alikuwa jikoni anawapakulia pilau, na alisikia kila jina.

"Sikujua," baba akasema.

"Hukuuliza, baba," binti akajibu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Nisiwaache njiani. Baba hakuificha ile siri. Alimwomba binti ruhusa, akamwambia daktari, na daktari akamleta mtu wa kuzungumza naye mara kwa mara. Mama alipoambiwa alilia siku nzima, kisha akasema kuanzia sasa atafua nguo zake mwenyewe, hata kama ni kwa mkono mmoja. Mapacha wakafundishwa kusonga ugali, na ugali wao wa kwanza ulikuwa na madonge kama mawe, wakaula hivyohivyo. Nyamizi akarudi chuo. Haikuwa rahisi, na kuna siku bado alikuwa mzito kuamka. Lakini alikuwa hai, na palikuwa na mtu wa kumuuliza.

Sasa sisi.

Sisi tuliomo humu tunawajua sana wanaopiga kelele. Tunawaombea kila Jumatano, tunawachangia, na tunafanya vizuri. Atakayeanguka hapa mbele na kulia, tutamkimbilia kabla hajagusa sakafu. Lakini ninawauliza, nani anayefagia humu ndani kabla hatujafika? Nani anayebaki kuosha sufuria tukitoka msibani? Ndugu yako yupi anayetuma matumizi nyumbani kila mwezi, na ninyi hampigi simu mpaka matumizi yamechelewa? Na wewe baba, wewe mama, yupi kati ya watoto wako huwa unasema huyu hanisumbui? Lini mara ya mwisho ulimuuliza kitu kisichokuwa "umeshamaliza"?

Tena tuna hii tabia yetu ya salamu. "Habari?" "Nzuri." Mtu ametoka kuzika, "Nzuri." Mtu hajalala wiki nzima, "Nzuri, namshukuru Mungu." Tumezoea kujibu hivyo, na anayeuliza amezoea kupita kabla jibu halijafika. Tunaonyeshana madole, ndugu zangu. Tunatazamana usoni Jumapili kwa Jumapili, tunaonana vizuri kabisa, tunainuliana madole, tunageuza boti.

Na kama Nyamizi ni wewe uliyekaa hapo, umevaa vizuri, umenyamaza, nakuomba jambo moja. Usinisubiri nikuone. Mimi pia ninaweza kukutazama nikadhani umetulia. Njoo ofisini kwangu tukitoka, au mshike mkono aliye karibu nawe sasa hivi, mwambie tu, "Nimechoka." Si lazima ulie. Si lazima ueleze.

Kwaya, msiimbe kwanza. Somo la leo litasubiri. Naomba kila mtu atoke pale alipo, amwendee yule ambaye huwa hana shida, amuulize, kisha akae na kulisikiliza jibu.

Nendeni. Mimi naanza na mke wangu.