Kakakuona Aliyekwenda Kuposa Nchi ya Mpira

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Mwenye masikio?"
"Ayatege!"
"Mwenye usingizi?"
"Asogee, atupishe moto!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na binadamu tukinyamaza, palikuwa na kakakuona mmoja, jina lake Kombo. Kakakuona mnamjua? Yule mwenye magamba mwili mzima, ukimgusa hujikunja akawa duara kama boga. Basi ndiye huyo, asije mtu akaniuliza katikati.

Kombo alikuwa na adabu, adabu mpaka inakera. Ukimpa maji, anakuomba ruhusa ya kumeza. Sasa mpole huyu akapenda. Alimwona Mize kwenye harusi ya jamaa, binti wa Mzee Makame, kakakuona aliyehamia ng'ambo ya mlima, nchi ya Nyani. Mize alicheka mara moja tu, na Kombo akasahau mchwa. Asubuhi hali, mchana hali, jioni hali.

Mama yake akasema, "Mwanangu, utanifia na njaa. Baba yako na wazee wa ukoo wametangulia mbele ya haki, nenda ukapose mwenyewe. Lakini shika mila. Ukimwona baba mkwe, jikunje, mkia juu ya pua, kimya. Usikunjuke hata wakikumwagia maji ya moto, mpaka atamke mwenyewe, 'Kunjuka, mwanangu.' Akitamka hivyo mbele za watu, mke umepata. Asipotamka, rudi tule mchwa wetu."

"Nimesikia, mama."

Akaenda, akaenda, akaenda. Akakutana na Kanga. "Shikamoo, mama. Kwa Mzee Makame ni wapi?"

"Wewe timu gani?"

"Mimi si timu, mimi ni kakakuona."

Kanga akamtazama kama mchuzi uliochacha, akapita zake.

Akaenda, akaenda, akakutana na Ngiri. "Bwana, kwa Mzee Makame ni wapi?"

"Wewe timu gani?"

"Sina timu. Nina mama tu."

Ngiri alicheka mpaka akakaa chini.

Akaenda, akaenda, akakutana na Kobe. "Shikamoo, babu. Kwa Mzee Makame ni wapi?"

"Marahaba. Wewe timu gani?"

"Babu, timu ni kitu gani?"

Kobe akasimama. Kobe kusimama si habari, lakini safari hii alisimama kwa masikitiko. "Mjukuu wangu, rudi kwenu. Makame ndiye mwenyekiti wa timu ya Nyani. Ameapa Mize haolewi na mtu asiyejua mpira. Juzi kamfukuza mchumba kwa fimbo. Kosa lake? Aliuliza mechi inaisha saa ngapi."

"Sawa, babu. Na mpira ndio nini?"

Kobe aliingia ndani ya gamba lake, akafunga.

Ingekuwa wewe ungerudi, nakujua. Kombo naye aliogopa. Lakini alikumbuka kile kicheko cha Mize, akaenda.

Akafika mjini, nyumba tupu, hata paka hayupo. Kelele zinatoka kiwanjani. Siku hiyo Nyani wanacheza na Tumbili, wamefungana bao moja kwa moja, na ng'ombe dume wa mshindi amefungwa pembeni anatafuna majani, hana habari na timu yoyote.

Kombo akachungulia katikati ya miguu ya watu. Akaona kitu duara, hakisemi, hakilalamiki, na watu wanakipiga mateke. Moyo ukampasuka. Kwani kwao duara lililonyamaza mbele za watu ni moja tu: mchumba aliyekwenda ukweni.

"Masikini! Mwenzangu katangulia kuposa!"

Kando yake alisimama Fisi, shabiki wa kutupwa. Kombo akamgusa bega. "Bwana, wanampigia nini?"

Fisi hakugeuka. "Piga! Piga huyo!"

"Na wakimwingiza pale kati ya miti miwili?"

"Nchi nzima italia!"

"Jamani! Kwani hana mama?"

"Nani, refa?" akauliza Fisi.

Kombo hakuweza kuvumilia. Mwoga yule, mpole yule, akaingia kiwanjani mbio, akalikumbatia lile duara kifuani. "Ndugu yangu, twende nyumbani." Lakini kakakuona ana makucha ya kubomolea vichuguu, na mpira wenyewe ulikuwa kibofu cha nyati kilichopulizwa. Ukatoa pumzi, fyuuu, ukalala.

Kombo akaangua kilio. "Kanikatia roho mikononi!"

Mzee Makame akaingia, magamba yamemsimama, fimbo mkononi. "Mwana wa nani wewe, mpasua mipira?"

"Shikamoo, baba mkwe. Mimi Kombo, nimekuja kumposa Mize." Na papo hapo akajikunja. Mkia juu ya pua, kimya.

"Mize wangu? Kwa jinga hili? Labda niwe nimekufa!"

Sasa alikuwapo Tumbili mmoja, mshambuliaji, miguu yake haina subira. Akaona duara. Tumbili akiona duara huwa haulizi. Pu! Kombo akabiringika kuelekea goli la Nyani.

"Refa! Huyo ni mtu!" wakapiga kelele Nyani.

Refa alikuwa Korongo. Akainua mguu mmoja, akasema, "Sheria inasema, cha duara kikivuka mstari ni bao. Haisemi cha duara ni mtoto wa nani. Cheza!"

Pu! Magamba yakalia. Kombo kimya. Pu! Mkia ukateguka. Kombo kimya. Mle ndani alikuwa akitokwa na machozi, lakini mila ni mila. Na golikipa wa Nyani yuko wapi? Amekaa chini, anaulilia ule mpira uliokufa. Goli wazi!

Makame akapayuka, "Kunjuka, mshenzi wee!"

Kombo hakukunjuka.

"Kunjuka, mbwa wee!"

Kombo hakukunjuka. Anabiringika, anabiringika, mstari ule pale.

Mize akatoka mbio katikati ya watu. "Baba! Neno unalijua! Hata wewe ulilingoja kwa babu!"

Makame akamtazama ng'ombe. Akatazama goli. Akamtazama binti yake. Akameza mate machungu kama mwarobaini. "Kunjuka... kunjuka, mwanangu!"

Kombo akakunjuka juu ya mstari, akachomeka makucha ardhini. Mkia ndani ya goli, pua nje. "Naam, baba," akasema kwa adabu.

Korongo akainama, akatazama. "Hakuna duara, hakuna bao. Na mpira hatuna tena. Mechi imekwisha, sare!"

Makame akajaribu kuruka kimanga. "Lile neno nililisema kwa joto la mechi!" Wazee wa Nyani wakatikisa vichwa. "Mwenyekiti, tumelisikia sote. Neno likishatoka halirudi." Basi harusi ikafungwa, timu zote mbili zikamla yule ng'ombe, na ng'ombe peke yake ndiye hakufurahi.

Mize akamuuliza mumewe, "Kwa nini hukukunjuka alipokuita mbwa?"

"Ningekunjuka kwa kuitwa mbwa," akasema Kombo, "ningepewa mbwa."

Mpaka leo anakaa kiwanjani karibu na mkwewe. Wote wakishangilia bao, yeye huuliza polepole, "Yule aliyepigwa, wamempa pole?" Na Makame hufunika uso.

Basi, wanangu, ukienda nchi ya watu, kabla hujauliza njia ya ukweni, uliza kwanza wanacheza nini. Na wewe mwenyeji, kabla hujampiga mgeni teke, mwulize kwanza kwa nini amejikunja. Huenda ndiye mkweo.

Kisa nimekibiringisha mpaka miguuni penu. Kikiwa kitamu, mpigieni jirani. Kikiwa kibaya, kirudisheni kwangu, golikipa nipo macho. Ila nani kakalia muhogo wangu niliouweka hapa kando ya moto?