Sauti za Nyuma ya Pazia

Inasimuliwa kwamba jeshi la ng'ambo lilipomng'oa jabari aliyeutawala mji wa Qarsumu, watu walishangilia siku chache, kisha wakanyamaza. Wengi wa wenzao walikuwa wamekufa mji ulipozingirwa, akiwemo Unaysa, mke wa Kadhi Suwaidi, Mwenyezi Mungu awarehemu.

"Sasa mko huru," jemadari wa jeshi lile aliwaambia. "Mchagueni mtawala wenu. Nami nimewaletea Wathiqi, mumchague."

Wanaume wakala kiapo huku mikuki ikiwaelekea. Lakini kwa desturi ya Qarsumu mtawala hakutawala mpaka wanawake nao waridhie. Kila mwanamke alikaa msikitini nyuma ya pazia, akatia mkono katika beseni la shaba lenye maji, lililopita chini ya pazia hilo. Kadhi akatia wake upande wa pili, akasikia ridhaa, akaitolea ushahidi.

Baada ya sala ya adhuhuri Suwaidi akatia mkono. Jua lilikuwa kali, lakini maji yalikuwa baridi kama ya kisima kirefu.

"Nimeridhika," ikasema sauti. Akaijua. Ni ya jirani yake, ambaye jeneza lake aliliswalia mwenyewe. Ikaja nyingine, na nyingine, zote za marehemu, bila pumzi wala mchakacho wa nguo.

Kisha: "Nimeridhika, baba Rabwa."

Ni Unaysa, aliyezoea kumwita kwa jina la mtoto wao. Kadhi akashindwa kuutoa mkono. Alijua kwamba akiishuhudia ridhaa ile, Wathiqi atatawala. Akiikana, ataipoteza sauti ya mkewe, na pengine kichwa chake pia.

"Vipi, Shekhe?" jemadari akacheka. "Kumbe wanawake wenu ni wepesi kuliko waume zao!"

Suwaidi akainamia pazia. "Unaysa, tangu uondoke sijala chakula cha moto, wala kanzu hii sijaifua. Umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Na nikioa kesho, nikamlaza chumbani mwako?"

"Nimeridhika."

Kadhi akafumba macho. Unaysa hakuwahi kuridhia jambo asilolibishia kwanza. Hata alipoposwa alimrudisha mshenga na maneno haya: "Mwambie huyo mwanachuoni, kama hana nyumba yenye kisima, na akaoe vitabu vyake."

Akautoa mkono majini.

"Nashuhudia mbele ya Mola wangu," akasema, "kwamba nilichokisikia hakiwezi kukataa. Na asiyeweza kukataa hajaridhia."

"Tumemwaga damu kwa ajili yenu!"

"Malipo yenu yako kwa Mwenyezi Mungu. Lakini kumwondoa jabari hakukuwarithisha ndimi zetu."

Jemadari akalivuta pazia kwa hasira. Hapakuwa na mtu. Vumbi la sakafuni halikuwa na alama hata ya unyayo mmoja. Wa kwanza kutoka mbio alikuwa Wathiqi mwenyewe, pekupeku.

Suwaidi alitiwa gerezani. Wathiqi hakutawala, kwani hakupatikana kadhi wa kuyatia mkono maji yale. Jeshi lilipochoka likarudi kwao, na watu wa Qarsumu wakakutana, wanaume kwa wanawake, wakabishana hadi sauti zikawakauka, ndipo wakamchagua wamtakaye.

Wanasema kifungo hakikumwelemea Suwaidi. Kilichomwelemea ni kwamba hakuisikia tena sauti ile, na hilo alilivumilia kwa subira mpaka mwisho wa umri wake. Ewe Mola, tujaalie kusema kweli hata pale uongo unapotuita kwa sauti tunayoipenda.