Fahali wa Bi Hadiya

Hapo zamani, si zamani ya mbali, maana wajukuu wa walaji wale bado wanatafuna, palikuwa na mjane aitwaye Bi Hadiya. Alikuwa na binti mmoja na fahali mmoja, na fahali alilelewa kwa ajili ya harusi ya binti.

Asubuhi ya harusi fahali akatumbukia korongoni, akavunjika miguu. Bi Hadiya akamkimbilia Shomari, mchinjaji wa mtaa. Shomari, ambaye msikitini huonekana siku za Idi tu, akasema hashuki mpaka aahidiwe ngozi na ulimi. Fahali akaanza kukoroma. Ndipo jirani, Mzee Lazaro, Mkristo, akashuka na kisu chake. Akamwelekeza kibla, kama alivyoona majirani wakifanya miaka arobaini, akalitaja jina la Mungu, akachinja.

Bi Hadiya akapika, akanyamaza. Alijua watu wangeuliza nani kachinja, lakini pilau kavu mbele ya wakwe aliiona aibu kubwa zaidi.

Maalimu Mbaruku, aliyekuja kufungisha nikaha, alikula sahani mbili. Alipoagiza ya tatu, Shomari, aliyenuna kwa kukosa ngozi, akamnong'oneza nani kachinja. Maalimu akafuta mafuta ndevuni, akatangaza kuwa nyama ni haramu. Maalimu huyohuyo ndiye aliyewasomesha watoto chuoni kwamba chakula cha waliopewa Kitabu, Wakristo wakiwamo, ni halali. Mbele ya wakwe elimu ikamtoroka. Njaa tu ndiyo haikumtoroka.

Mjomba wa bwana harusi akasimama. "Mwenye kosa ainuke atuombe radhi. La sivyo, nikaha haifungwi."

Shomari akasema kisu hakukigusa yeye. Maalimu akasema alikula bila kujua, na asiyejua hana dhambi.

"Nilinyamaza, ndiyo," akasema Bi Hadiya. "Lakini mlitaka nimwache afe, niwapikie mzoga?"

"Mimi nilimwonea huruma jirani yangu," akasema Mzee Lazaro. "Kama huruma ni kosa, ndugu zangu, niambieni."

Wote wakamgeukia yeye, midomo ikiwa bado inang'aa mafuta. Yeye peke yake hakuwa na sahani, maana hakuna aliyekumbuka kumpakulia.

Binti yuko chumbani na hina yake mikononi, anasikia kila neno. Bi Hadiya anangoja mtu ainuke. Haya, ninyi mnaotikisa vichwa hapa kana kwamba msingekula: je, nani alistahili kuinuka?