Ulimi wa Baraza

"Ulimi wa baraza huhamisha njia." Mmeisikia leo pale bombani, mama mmoja akimwonya mwenzake, na mmeuliza ilitoka wapi. Ilitoka hapa hapa Ujiji, mtaani Kabondo, siku Sikitu alipokwenda kununua mawese na hakurudi.

Mama yake, Nyota, alikuwa uani akipepeta mchele. Maharage yaliiva, yakapoa. Adhana ya adhuhuri ikapita. Sikitu alikuwa na pumu tangu utotoni, na mzazi wa mtoto wa pumu hajui kungoja. Nyota akajitanda kanga, akatoka.

Kulikuwa na njia mbili za kwenda sokoni. Moja ilipita katikati ya nyumba, baraza kwa baraza, na kila baraza lina wanawake wanaosuka ukili au kuchambua mboga. Huko hupiti kimyakimya. Utasalimu, utaulizwa unakwenda wapi, utajibu, ndipo uendelee. Mara mbili Sikitu aliwahi kubanwa na kifua kwenye njia hiyo, na mara zote wanawake hao walimkalisha, wakamlegeza nguo, wakamwita mtu wa baiskeli ampeleke hospitali.

Njia ya pili ilizunguka nyuma ya maghala ya chumvi. Ukuta huku, ukuta huku, mlango hakuna wala dirisha. Tena ilikuwa ndefu. Nani angeacha ya karibu, yenye kivuli na watu, aifuate ile?

Nyota akaanza na baraza la kwanza, la Bi Mwavita.

"Mwanangu kapita hapa?"

"Hajapita, dada. Na hapa hapiti hata paka tusimjue kwao!"

Wenzake wakacheka. Nyota hakucheka. Baraza la pili, hajapita. La tatu, hajapita. Mpaka la mwisho, linalotazamana na soko, jibu lilikuwa lile lile.

Hapo ndipo watu wa Kabondo walipokosea. Kwa kuwa barazani hakuonekana, wakakata shauri kwamba hakutoka mtaani. Wakamtafuta ndani: vyooni, majikoni, migombani. Kisha mtu akakitaja kile kisima kilichoachwa nyuma ya msikiti, na sauti zote zikashuka. Wanaume wakaleta kamba na kulabu. Nyota akaushika ukingo wa kisima kwa mikono miwili. Kulabu ikanasa kitu. Ikavutwa polepole, watu wameziba midomo, ikapanda na ndoo kuukuu. Ikashushwa tena.

"Kakae, dada," Bi Mwavita alimwambia. "Tuachie sisi."

Nyota hakusogea. Alikuwa anafikiri juu ya mawese.

"Jana aliniletea mawese," alisema. "Juzi pia. Jana alipita kwako wakati gani?"

Bi Mwavita akawatazama wenzake. "Jana sikumwona."

"Na juzi?"

Bi Mwavita akatikisa kichwa.

"Mwavita! Mwanangu mara ya mwisho kapita kwako lini?"

"Tangu Ramadhani iishe, dada, sijamwona."

"Na kila siku anakwenda sokoni! Anaruka?"

Mwanamke mmoja akaanza kulia. "Tulikuwa tunamtania tu."

"Mlimtania nini?"

Akajibu Bi Mwavita mwenyewe, macho chini: "Tulimwambia, 'Karibu, bidhaa iliyorudishwa dukani. Mwenye duka amekupokea?'"

Sikitu alikuwa ameachwa na mumewe kabla ya mfungo. Nyumbani hakulalamika hata siku moja. Alikuwa akichelewa kurudi tu, na mama yake akimwita mvivu.

Nyota akauachia ukingo wa kisima, akakimbia. Wanaume wakamfuata, mmoja bado ameshika kamba. Walipokata kona ya ghala la kwanza hawakuona mtu, ila jua na vumbi. Kona ya pili, wakamwona. Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, vidole vimeung'ang'ania ushungi shingoni. Kidumu cha mawese kilikuwa kando yake, kimejaa, kimefungwa. Alikuwa njiani kurudi. Upande wa pili wa ukuta wapagazi walikuwa wakiimba na kupakua chumvi. Hawakuwa wamesikia kitu. Aliyebanwa na pumu hana pumzi ya kuita.

Nyota akamshika shavu. Lilikuwa limepoa.

Matangani Bi Mwavita hakuingia walimokaa wafiwa. Alikaa jikoni akisugua masufuria, na alipopelekewa chakula alisema ameshakula. Siku ya kuondoa tanga, mzee mmoja wa mtaa akasema njia ile ni mbaya, haina watu, afadhali izibwe.

"Ukuta umekosa nini?" Nyota akamjibu. "Haukumwita mwanangu, wala haukumfukuza. Ulimi wa baraza huhamisha njia."

Sauti yake haikupanda. Lakini jikoni masufuria yalinyamaza, na tangu siku hiyo watu wa Kabondo wakayabeba maneno yale, wakawafundisha watoto wao. Kwa hiyo mkiona mtu anazunguka mbali juani, na njia fupi ipo, msimcheke na msimwite mvivu. Ulizeni kwanza ni akina nani wamekaa kwenye ile fupi, na huwa wanamwambia nini. Ulimi wa baraza huhamisha njia.

Nyota yu hai. Hadi leo huenda sokoni kwa njia ya ukutani.